Mke Mwenzangu wa Agano la Kale

Babu alikuwa na wake watatu. Wawili aliwaoa. Wa tatu ni mimi, mjukuu wake, nipo kidato cha tatu na sina ndoa yoyote inayotambuliwa na serikali.

Kwa watu wa kwetu jambo hili halihitaji maelezo, lakini huenda unasoma ukiwa mbali na Tabora, kwa hiyo nieleze. Mjukuu wa kike ni mke wa babu yake kwa utani. Tangu najifunza kutembea Babu alikuwa akiniita mke wangu, ananiuliza mbona chai imechelewa, nami namjibu akaoe anayejua kupika. Kwa mantiki hiyo bibi zangu wote wawili ni wake wenzangu, na nina haki ya kuwasema, kuwaonea wivu na kudai zamu yangu. Haki hiyo nimeitumia vizuri. Walimu wangu wanaamini nilizaliwa na huu mdomo. Ukweli ni kwamba nililelewa nao, kwa mila na desturi.

Bibi zangu wanaishi Ng'ambo, mtaa wa Tabora mjini, nyumba zao zinatazamana uani, na katikati yake kuna kamba ya nguo na banda la kuku ambao hawajui mpaka. Nyumba ya mke mkubwa inaitwa Agano la Kale. Ya mke mdogo inaitwa Agano Jipya. Aliyezipa majina ni Babu mwenyewe. Alipooa mara ya pili kanisa lilimsimamisha kushiriki meza ya Bwana, na wazee wa kanisa wakaja kumuuliza sababu. Inasemekana aliwasikiliza hadi wakamaliza, kisha akawaambia kwamba hata Mungu alikuwa na Agano la Kale, halikumzuia kuleta Agano Jipya, na yote mawili yamefungwa ndani ya jalada moja. Wazee wakanywa chai, wakaondoka.

Tangu hapo ikawa hivyo. Peleka kuni Agano la Kale. Mbuzi kaingia Agano Jipya, mtoe. Nilipoanza somo la Maarifa ya Biblia shuleni nilishangaa kuona wenzangu wanaandika maneno hayo kwenye daftari kama elimu. Kwangu ilikuwa anwani. Mimi mwenyewe Babu aliniita Ufunuo, kwa kuwa nilikuja mwisho na nina vitisho vingi.

Basi jina likahama kutoka nyumba likaingia kwa mtu. Bibi mkubwa akawa Agano la Kale, kwa kifupi Bibi Kale. Alikuwa akiitika abee kama anavyoitika jambo lolote. Sikuwahi kusikia anacheka, lakini pia sikuwahi kusikia anakataa, na katika familia yetu asiyekataa amekubali.

Babu alifariki mwaka jana, tukamzika Lusu, huko Nzega, alikozaliwa. Ibada iliongozwa na mwinjilisti wa kanisa letu, mtu mzuri, mwenye suti moja na sauti tatu. Katika ukoo wetu mke mkubwa ndiye anayeanza kuweka ua kaburini. Asipoweka yeye, wengine wote wanasimama na maua yao mkononi, hata awe mheshimiwa wa wapi. Ilipofika zamu hiyo mwinjilisti akashika kipaza sauti, akatumia ile sauti ya pili, ya upole.

"Sasa Agano la Kale lipite," akasema, "na Agano Jipya lifuate."

Nadhani alitaka kumuenzi marehemu kwa utani wake mwenyewe. Watu walicheka. Kwenye msiba wa kwetu kucheka ni ruhusa, watani wapo kwa kazi hiyo, na mimi mwenyewe asubuhi yake nilikuwa nimejilaza mlangoni nikidai sitoki mpaka nipewe godoro langu la urithi. Kwa hiyo kicheko si tatizo. Tatizo lilikuwa mama mmoja nyuma yangu, mgeni wa kijiji cha jirani, aliyemuuliza mwenzake kama huyo wa kale ndiye yule aliyeachwa. Mwenzake akasema atakuwa ndiye.

Bibi mkubwa alikuwa anapita mbele yangu na ua lake. Bibi macho yake yamechoka, lakini masikio ni mazima kabisa. Aliweka ua, akarudi, akakaa, akaanza kukunja pindo la khanga yake na kulikunjua.

Hakusema kitu mwaka mzima. Kisha baba mkubwa, anayeishi Nzega mjini, akapiga simu kutangaza kwamba kaburi limejengewa saruji na vigae, na wakati wa likizo yangu ukoo wote utakusanyika Lusu kulizindua. Mwinjilisti yuleyule, kipaza sauti kilekile, maua tena kwa utaratibu uleule. Bibi akasikiliza hadi mwisho, akasema hataweza kwenda kwa sababu ya miguu.

Miguu hiyo ilikuwa inakwenda sokoni kila asubuhi na kurudi na kabichi. Nilimwambia hivyo. Akaniambia nikaoshe sufuria.

Wakati huo Bibi alikuwa na mpangaji. Alikuwa dada mmoja kutoka ng'ambo ya pili, siyo Ng'ambo yetu, ng'ambo ya bahari, aliyekuwa anafuata njia ya zamani ya misafara kutoka pwani hadi Ujiji, akiwauliza wazee babu zao walikuwa wanaimba nini wakiwa na mizigo kichwani. Kiswahili alikuwa amejifunzia Unguja. Alikuwa anasema ahsante sana hata kwa kuku akimpisha njia. Alikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, bila kulalamika, kitu ambacho binamu zangu wa Dar hawawezi, na Bibi akamtunuku jina la mwanangu ndani ya siku chache.

Ijumaa moja jioni nilimkuta mgeni amewasha mishumaa miwili chumbani kwake. Bibi naye akaiona kwa mbali kama mwanga tu, akanituma nipeleke taa ya sola, umeme umekatika. Nikamwambia umeme upo, redio yako inaimba. Ndipo mgeni akatueleza kwamba kwao Ijumaa jua likizama ndiyo Sabato inaanza, na mishumaa ni kwa ajili yake. Yeye ni Myahudi.

Bibi aliweka chini birika.

"Myahudi," akasema. "Wale wale?"

"Wale wale, Bibi."

Bibi akafikiri. Katika maisha yake yote Wayahudi walikuwa watu wa kwenye kitabu, kama majitu na malaika, na hakutegemea mmoja awe anamlipa kodi ya chumba. Lakini adabu ni adabu.

"Poleni sana na lile jangwa," akasema.

Mgeni akamwangalia, akaona hatanii. "Ahsante, Bibi. Tumeshapoa."

Kila jioni kabla ya chakula mimi humsomea Bibi Biblia, kwa sababu maandishi ya kitabu chake yamekuwa madogo, au hivyo ndivyo yeye anavyosema. Nasoma vizuri ila nina tabia ya kuruka orodha za fulani akamzaa fulani. Bibi huwa anajua, ananiambia umeruka watu, namwambia hawana habari yoyote, wamezaa tu. Tangu Ijumaa ile mgeni alianza kuja kusikiliza, anakaa kwenye mkeka, na mara nyingine midomo yake inatangulia maneno yangu kwa lugha nyingine. Bibi alifurahi kama mtu aliyepata shahidi.

Jioni moja akamuuliza, kwa adabu ya mwenye nyumba, kama na wao kwao huwa wanalisoma hili Agano la Kale.

Mgeni akasita. Nilimwona anatafuta Kiswahili chake cha Unguja kinachofaa. Akasema wanalisoma sana, kila wiki sehemu yake, mwaka ukiisha wanaanza upya. Ila hawaliiti hivyo.

"Mbona?" Bibi akauliza.

"Kwetu halijapata kuwa la kale, Bibi. Hakuna lililokuja likalifanya la kale."

Mimi nilikuwa natafuta ukurasa. Nilipoinua kichwa Bibi alikuwa ameshika pindo la khanga, lakini halikunji.

Akamwambia aseme vizuri, pole pole, amwelewe. Mgeni akasema. Wao wanakiita Tanakh, na neno hilo si neno hasa, ni herufi za mwanzo za mafungu matatu: Torati, Manabii na Maandiko. Vitabu ni vilevile tunavyosoma sisi, Mwanzo ni Mwanzo, Zaburi ni Zaburi. Mpangilio ndio si uleule. Chetu sisi kinamalizia kwa nabii anayesema yupo mtu anakuja, kwa hiyo ukifunga ukurasa unabaki unatazama mlangoni. Chao kinamalizia kwa Mambo ya Nyakati, mahali ambapo mfalme wa kigeni anawaambia watu waliohamishwa warudi kwao, wakajenge.

"Yaani kinaisha kikiwa kimefika nyumbani," Bibi akasema.

Mgeni akasema hajawahi kuliweka hivyo, lakini ndiyo.

Bibi akanyamaza hadi ugali ukaiva, na alipokula alikula kidogo. Mimi ni mtani, kazi yangu ni kuharibu ukimya wa namna hiyo, nikamwambia kama anataka kuwa Myahudi ajue hakuna tena kitimoto, nguruwe kwao ni marufuku. Akasema hajawahi kula kitimoto. Nikasema basi nusu ya safari ameshamaliza. Hakucheka. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi.

Baba mkubwa alipoona simu zake hazifui dafu akamtuma mwinjilisti aje kumbembeleza. Mwinjilisti akaja Jumatatu alasiri na suti. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya kwanza, ya kawaida. Bibi mdogo naye akavuka uani na kigoda chake, kwa sababu mwinjilisti akija upande mmoja huwa ni habari ya pande zote. Bibi mdogo ni Mkatoliki, wazazi wake walitoka Burundi wakalima Ulyankulu, na bado akiudhika huhesabu kwa Kirundi ili tusijue amefika ngapi.

Mwinjilisti alianza na afya ya miguu. Bibi akamkatisha kwa upole akamwambia miguu haina neno. Akasema hatakwenda Lusu kuitwa Agano la Kale mbele ya watu mara ya pili.



Mwinjilisti alishtuka kweli. Akajitetea kwa imani nzuri, na mimi siwezi kumcheka kwa hilo, nitamcheka kwa mengine. Akasema neno kale kwenye Biblia si tusi. Kale ni msingi, na nyumba haitukani msingi wake. Tena hata hilo jipya limeahidiwa humohumo ndani ya la kale, nabii Yeremia amelisema wazi, kwa hiyo si Wakristo waliojitungia. Akamgeukia mgeni aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, kama mtu anayemwomba fundi mwenzake athibitishe.

Mgeni akasema Yeremia huyo wanaye. Wanasoma sentensi hiyohiyo. Ila wao wanaelewa kwamba agano linafanywa upya na watu walewale.

"Ni nyumba ileile," akasema, "imepakwa chokaa upya. Siyo nyumba ya pili."

Akakumbuka aliko. Akaangalia nyumba ya Bibi, akaangalia ya pili, akawa mwekundu mpaka shingoni. Sikuwahi kumpenda kama siku hiyo.

Bibi mdogo hakuonekana kuumia. Alikuwa anachambua mchele. Akauliza sasa kama si la Kale, wataliitaje, maana mtu huwezi kuvua jina ukabaki uchi. Mwinjilisti akasema amewahi kusikia wasomi wengine wa kanisa wanapendelea kusema Agano la Kwanza, ili wasiwakwaze majirani. Bibi mdogo akaweka ungo chini.

"Kwa hiyo mimi niwe la Pili," akasema. "Kama darasa."

Mgeni akasema vyuoni wanasema Biblia ya Kiebrania, Wayahudi na Wakristo wakikaa darasa moja, ili kila mtu apumue. Hapo mwinjilisti ndiye aliyekosa pumzi. Akasema, bila sauti yoyote ya mimbarini, kwamba hilo linamnyang'anya. Zaburi za Daudi ameziimba tangu akiwa mtoto. Mama yake alizikwa kwa zaburi. Ukisema kitabu cha Kiebrania ni kama umemwambia asante kwa kukitunza, sasa kirudishe kwa wenyewe. Mgeni akamwelewa, nilimwona. Akasema hata wao jina hilo si la nyumbani, ni la ofisini, tena halijakaa sawa, maana kuna kurasa humo ndani ziliandikwa Kiaramu. Na wapo Wayahudi wengi ukiwaambia Agano la Kale hawaudhiki, wanajua unamaanisha nini, wanaendelea na kazi zao. Wengine linawachoma. Haliwachomi kwa sababu ya neno, linawachoma kwa sababu ya waliolisema zamani kwa ubaya.

Bibi mdogo akaona mazungumzo yamekuwa ya huzuni, akaleta Biblia yake. Akaipima na ya Bibi, akaweka moja juu ya nyingine. Ya kwake ni nene zaidi. Akasema Agano lake la Kale lina vitabu ambavyo la wenzake halina, kwa hiyo kama ni ukale, Agano Jipya ndilo lenye ukale mwingi. Mwinjilisti akasema vitabu hivyo sisi hatuna. Mgeni akasema hata wao havimo kwenye hesabu yao, ingawa waliviandika wao. Mwinjilisti na Myahudi wakaangaliana kwa mshangao wa watu waliojikuta timu moja.

 Sasa Bibi akamgeukia mgeni.

"Mwanangu. Mkiwa peke yenu, bila sisi, mmefunga mlango. Mnaliitaje?"

"Tanakh. Lakini mara nyingi tunasema tu Maandiko. Au tunasema neno linalomaanisha kile kinachosomwa."

"Bila neno la mkia? Hakuna la kwanza, la pili, la nini?"

"Hakuna, Bibi. Mkia wa nini?"

"Basi hivyo," Bibi akasema. "Mimi nataka hivyo."

Mwinjilisti akauliza hivyo vipi.

"Mimi ni mke wa marehemu. Hapo weka nukta. Ukiweka nukta nitakuja hata kwa magoti."

Nilimwangalia Bibi mdogo. Wote tulimwangalia, kwa sababu Bibi mkubwa akivua mkia, na yeye wake unaanguka. Tulidhani atapigania ule upya. Akachukua ungo wake, akapepeta mara moja, makapi yakaenda kwa kuku.

"Mimi nimekuwa mpya tangu kabla baba wa huyu mtoto hajaota meno," akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Goti hili haliinami. Meno ya huku hayapo. Nikipita sokoni wananiita Jipya, watoto wanageuka kutazama wanaona kizee. Nani amekwambia mimi nalitaka?"

Bibi akamwangalia kwa muda. Hao ni watu waliopikiana wakiwa na homa, wakafichana chumvi wakiwa wamenuniana, na nadhani hilo hawakuwahi kulisema. Kisha Bibi akasema mchele wake una mawe. Bibi mdogo akasema macho yenyewe huna, umeyaonaje mawe. Mwinjilisti akapewa chai, kama wale wazee wa zamani. Akaondoka ameahidi.

Tukaenda Lusu. Basi hadi Nzega, kisha baba mkubwa akatupakia kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, bibi zangu mbele na dereva, sisi wengine nyuma na masufuria, mgeni amekaa juu ya gunia la mchele anauliza jina la kila mlima. Alikuwa ameomba kuja. Pale kijijini wazee walimuuliza baba mkubwa kwa Kisukuma kama marehemu alikuwa na mke wa nne ambaye hakuwaonyesha. Nilimtafsiria mgeni. Akasema heri wangemwambia mapema angevaa vizuri. Nikajua Tabora imemwingia.

Kaburi lilikuwa limependeza, vigae vya bluu kama vya bafuni. Bibi alikaa mstari wa mbele na ua lake, Bibi mdogo viti viwili kutoka kwake. Katikati kulikuwa na kiti kitupu chenye pochi. Mimi niliwekwa karibu na mwinjilisti, kwa kuwa mke wa utani anatakiwa kuwa karibu na kaburi ili alalamike ameachwa na mzee asiye na huruma. Nililalamika vya kutosha. Nilidai vigae vingetosha kunijengea chumba changu.

Zamu ya maua ikafika. Mwinjilisti akashika kipaza sauti, akatumia sauti ya pili. Bibi akanyoosha mgongo.

"Sasa," mwinjilisti akasema, "tunaomba A—"

Akaacha hapo.

Alikuwa amezoea jina hilo kuliko lake mwenyewe. Niliona ulimi wake umeshika herufi hiyo na haujui uende nayo wapi. Kipaza sauti kikaanza kukoroma. Huko nyuma mtu mmoja akacheka kidogo, cheko la mtu anayejua mwisho wa kichekesho. Bibi hakugeuka. Mkono wake ukatoka kwenye ua, ukashika pindo la khanga.

Mila inasema mtani hanyimwi kitu msibani. Anaweza kuchukua nyama jikoni, anaweza kulala kwenye jeneza. Nikachukua kipaza sauti. Mwinjilisti alikiachia upesi kuliko nilivyotegemea.

Nilikuwa na vichekesho vitatu tayari. Vilikuwa vizuri, kimoja hadi leo nasikitika hakikutoka. Lakini Bibi alikuwa ananisikiliza. Alikuwa amefumba macho yale yasiyoona vizuri ili masikio yafanye kazi peke yake.

"Mke wa marehemu apite," nikasema.

Nikaweka nukta. Ilinichukua nguvu.

Hakuna aliyesimama. Watu walikuwa wanangoja mkia. Bibi alingoja pia, nilimwona, alingoja kama mtu aliyesikia sahani moja ikianguka, anangoja ya pili. Haikuanguka. Bibi mdogo alikuwa anatazama ua lake, anadhani ameitwa mwenzake. Bibi akasimama pole pole. Akavuka kile kiti chenye pochi, akamshika mwenzake kiwiko.

"Inuka," akamwambia. "Tumeitwa."

Wakaenda. Bibi alitangulia nusu hatua, kwa sababu ndivyo ukoo wetu ulivyo, na kwa sababu goti la Bibi mdogo halikuruhusu vinginevyo. Bibi akaweka ua, mwenzake akaweka la kwake pembeni yake. Bibi akasema kitu chini chini kwa Kinyamwezi kwa Babu. Nilikuwa karibu nikasikia, na sitakiandika, ni mambo ya ndoa. Kisha akageuka upande wangu.

"Na wewe. Si umeita mwenyewe?"

Sikuwa na ua. Nikang'oa moja kwenye shada la mheshimiwa diwani, nikapita.

Baada ya chakula yule mama wa kijiji cha jirani alikuja kuaga. Yule yule, nilimtambua kwa kilemba. Akamshika mkono Bibi mdogo akampa pole, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini, akielekeza kidevu kwa Bibi aliyekuwa anafunga vyombo, eti yule ndiye wa kale?

"Yule ni mke wa marehemu," Bibi mdogo akasema.

"Na wewe?"

"Mke wa marehemu."

Mama yule akafikiri. Akanitazama mimi, niliyekuwa nakula ukoko kwenye sufuria kwa mkono.

"Na huyu?"

Bibi mdogo akaniangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Huyu hana jina," akasema. "Huyu tunamvumilia tu."